Manyoya Yameondoka, Kazi Imebaki

Wanaouza paka wasio na manyoya wana maneno yanayofanana, wawe Ulaya, Marekani au Ghuba: hachafui makochi, haleti mzio, hana usumbufu. Wasiompenda nao wana yao: ana homa ya kudumu, ni mgonjwa tangu kuzaliwa, ni kiumbe cha kutisha. Pande zote mbili zimeishia kwenye ngozi anayoonekana nayo. Lisilosemwa ni kwamba manyoya ya paka hayakuwa pambo. Yalikuwa yakifyonza mafuta ya ngozi, yakitunza joto, yakizuia jua, yakipokea mikwaruzo. Yakiondoka, kazi hizo hazifutiki. Zinamwangukia mwenye nyumba. Kwa kipimo hicho nayapitia madai kumi yanayorudiwa sana kuhusu paka huyu, hasa wa aina ya Sphynx, ambaye ndiye maarufu kuliko wenzake.

1. "Ni paka wa Mafarao, damu ya Misri ya kale."

Jina ndilo lililozaa dai hili, kwa sababu ya ile sanamu ya Sphinx iliyoko Giza, Misri. Paka mwenyewe ni wa Kanada. Mwaka 1966 jijini Toronto paka wa kawaida wa nyumbani alizaa kitoto dume kisicho na manyoya, kikaitwa Prune. Nasaba yake haikudumu. Sphynx wa leo wanatokana zaidi na paka wengine wa namna hiyo waliopatikana miaka ya 1970, wakiwemo wa shamba moja jimboni Minnesota, Marekani, na wengine wa Toronto hiyohiyo. Baadaye wafugaji waliwachanganya na paka wa Uingereza waitwao Devon Rex, wenye manyoya mafupi ya kujikunja.

Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo KRT71, inayohusika na keratini ya unywele. Nywele huota, ila ni dhaifu na hazishiki. Ndiyo maana ukimpapasa Sphynx unahisi vinyweleo laini, hasa puani, masikioni na mkiani. Urusi ina paka wake wasio na manyoya, Donskoy, walioanzia Rostov-on-Don mwaka 1987 kwa jeni nyingine kabisa.

Kwa nini historia hii imhusu mfugaji? Kwa sababu mwenye kuamini kwamba paka huyu ametoka jangwani atadhani mwili wake umezoea jua kali na usiku wa baridi. Haujazoea chochote kati ya hivyo. Ni paka wa nyumbani aliyezaliwa na hitilafu, na wanadamu wakaipenda wakaiendeleza.

2. "Hana manyoya, kwa hiyo mwenye pumu au mzio anaweza kumfuga bila wasiwasi."

Hili ndilo dai linalowaumiza watu wengi, maana paka hununuliwa kwa ajili ya mtoto mwenye pumu, kisha baada ya wiki chache mtoto anakohoa na paka anatafutiwa kwao kwingine.

Si unywele wa paka unaowasha macho na kubana kifua. Mhusika mkuu ni protini iitwayo Fel d 1, inayotengenezwa kwenye tezi za mate na tezi za mafuta ya ngozi. Sphynx ana mate, ana tezi za ngozi, na anajilamba kama paka wengine. Protini hiyo hubaki kwenye ngozi yake, hushika matandiko, hukauka na kuelea hewani katika chembe ndogo sana. Hata paka akiondolewa, inaweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi.

Kuna ukweli mdogo ndani ya dai hili. Paka asiye na manyoya hasambazi nywele zilizobeba protini hiyo, na kuoga mara kwa mara huipunguza, ingawa ndani ya siku chache hurudi. Dume asiyehasiwa huitoa kwa wingi kuliko aliyehasiwa. Kwa hiyo wapo wenye mzio mwepesi wanaomvumilia Sphynx mmoja na kushindwa na mwingine. Ushauri wenye maana ni huu: kabla ya kununua, keti na paka yuleyule unayemtaka, zaidi ya mara moja, kwa saa kadhaa, umshike na umbusu kama utakavyofanya nyumbani. Na mwenye pumu aanze kwa daktari wake, si kwa muuzaji.

3. "Hana manyoya, kwa hiyo hana kazi ya usafi." Na ndugu yake: "Aogeshwe kila siku."

Ngozi ya kila paka hutoa mafuta. Kwa paka wa kawaida mafuta hayo husambaa juu ya manyoya na kulambwa. Kwa Sphynx hayana pa kwenda. Yanakaa juu ya ngozi, yanashika vumbi, yanageuka utando wa kahawia unaopaka mashuka, vitambaa vya makochi na kola ya shati lako. Anayekwambia paka huyu hachafui hajawahi kufua shuka alilolalia.

Kwa hiyo kuoga kupo. Wengi hutosheka na mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, kutegemea paka mwenyewe. Kila siku ni kosa: ngozi hukauka, huwasha, na kinga yake ya asili huondolewa kila inapojijenga. Maji yawe ya vuguvugu, kina kifupi ndani ya beseni, na taulo chini ili asiteleze, kwa sababu paka anayeteleza ndiye anayeogopa maji. Tumia shampuu ya paka isiyo na manukato makali. Sabuni ya kufulia na ya kuogea watu haifai. Shughulikia mikunjo ya shingo, kwapa na kinena, suuza mpaka utelezi wa shampuu uishe, kisha mfunge taulo papo hapo. Paka huyu akiachwa na maji mwilini anapoa haraka sana. Mzoeze tangu akiwa mdogo.

Lakini mwili ni nusu ya kazi. Masikio yake hujaa nta ya kahawia upesi, kwa kuwa ndani yake hakuna nywele za kuzuia vumbi. Yasafishwe kila wiki kwa dawa ya masikio iliyopendekezwa na daktari wa mifugo na kipande cha pamba, kwenye sehemu unayoiona kwa macho tu. Kijiti cha pamba kikisukumwa ndani huishindilia nta. Kwenye mizizi ya kucha na katikati ya vidole hujikusanya uchafu mweusi wenye mafuta; ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu unapomkata kucha.

Ukiona wekundu, upele wenye majimaji, kujikuna kusikoisha, au harufu ya uchachu kwenye mikunjo na masikio, acha kuongeza sabuni. Huenda ni fangasi waitwao Malassezia, wanaoishi kwenye ngozi ya paka wengi na wanaopenda mafuta. Hao wana dawa yao, na ni ya kuandikiwa baada ya kupimwa.

4. "Ukimgusa ana joto, maana yake ana homa."

Joto la ndani la paka mzima ni kati ya nyuzi 38.1 na 39.2, yaani juu kidogo ya letu. Paka mwenye manyoya ana joto hilohilo, ila kiganja chako hugusa manyoya kwanza. Kwa Sphynx unagusa ngozi moja kwa moja. Homa hupimwa kwa kipimajoto, haipimwi kwa kiganja.

Joto unalolihisi ni joto analolipoteza. Chumba cha nyuzi 18, ambacho paka wa kawaida hakishughulikii, kwake ni baridi. Utamwona anatafuta jiko, kompyuta iliyowashwa, kwapa la mtu aliyelala. Watu huita hayo mapenzi, na mapenzi yapo, lakini mwanzo wake ni baridi. Mwenye kuishi Oslo, Toronto, au hata Limuru na Njombe miezi ya Juni na Julai, ahakikishe kuna kitanda chenye kuta, blanketi la kuingia chini yake, na mahali pasipopitisha upepo. Vyanzo vya joto viwekewe kizuizi. Ngozi tupu iliyolala juu ya hita au pembeni ya jiko la mkaa huungua kabla paka hajashtuka.

5. "Basi nchi za joto ndizo zake. Mwache aote jua."

Joto la chumba analihitaji. Jua la moja kwa moja ni jambo jingine. Ngozi yake, hasa iliyo nyeupe au ya waridi, huungua kwa jua kama ya mtu, na kuungua kwa kurudiarudia huweza kuleta saratani ya ngozi, ambayo kwa paka hupenda kuanzia kwenye ncha za masikio, pua na kope. Jua la Mombasa au Dar es Salaam saa sita mchana halina huruma na ngozi hiyo. Aote asubuhi mapema kwa muda mfupi, au nyuma ya pazia jepesi. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi, hivyo kisikupe usingizi.

Hapa ndipo mtu mwenye nia njema humdhuru paka wake. Anampaka krimu ya jua ya watu. Nyingi zina zinki oksidi au salisilati, na paka hujilamba mpaka amalize: vyote viwili ni sumu kwake akivimeza. Mafuta yenye manukato ya mimea, hasa ya mti wa chai, nayo ni hatari, kwa sababu ini la paka haliwezi kuvunja baadhi ya kemikali ambazo ini la mtu huzivunja bila taabu. Udhaifu huohuo ndio unaofanya kidonge kimoja cha parasetamoli kiweze kumuua. Na mafuta ya nazi? Si sumu ya namna hiyo, ila unamwongezea mafuta paka ambaye tatizo lake la kila wiki ni mafuta. Ngozi ikikauka kweli, punguza kuoga kwanza.

6. "Mvalishe sweta, mambo yamekwisha."

Nguo humsaidia kwenye baridi ikiwa ni ya pamba laini, haibani kwapa, haina vifungo vya kung'olewa kwa meno, na inavuliwa kila siku. Isipovuliwa hufyonza mafuta ya mikunjo, na kero ya ngozi huanzia humo. Paka anayesimama kama sanamu baada ya kuvalishwa hajatulia, amekataa. Kwake blanketi linatosha.

7. "Viroboto hawana pa kujificha, kwa hiyo hapati wadudu."

Kiroboto anatafuta damu, na damu ipo chini ya ngozi, si kwenye manyoya. Ni kweli kwamba kwa Sphynx utamwona upesi zaidi. Lakini mayai ya kiroboto huanguka kwenye zulia na matandiko, na uchafu unaoletwa na utitiri wa masikio hufanana sana na nta yake ya kahawia, kiasi kwamba mwenye paka husafisha kwa miezi kitu kilichohitaji dawa.

Kosa la kuogopwa zaidi ni kumwekea paka dawa ya matone ya mbwa. Nyingi zina permethrini, ambayo mbwa huivumilia, lakini kwa paka huleta kutetemeka, degedege na kifo. Soma jina la dawa, soma uzito, na usikubali neno la "weka kidogo tu".

Na kwa vile anaishi ndani, wengine husema chanjo ya nini. Mlango huachwa wazi mara moja tu. Katika nchi ambako kichaa cha mbwa bado kinaua watu, zikiwemo Tanzania na Kenya, hakuna paka wa nyumbani asiyehitaji chanjo ya ugonjwa huo.

8. "Anakula chochote. Wali na dagaa, maziwa kidogo, basi."

Sphynx hula zaidi ya paka wa uzito wake kwa sababu sehemu ya chakula huenda kwenye kutengeneza joto linalopotea. Hilo halimaanishi anakula chochote. Paka wote ni walaji nyama kwa maumbile, na wanahitaji taurini, ambayo miili yao haiitengenezi ya kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba upungufu wa taurini huwatanua paka moyo mpaka ushindwe kazi, na watengenezaji wa vyakula vya paka wakalazimika kuongeza kiwango chake. Chakula cha mbwa hakina wajibu wa kuwa na taurini inayomtosha paka. Wali hauna kabisa. Dagaa wana protini nzuri na wanaweza kuwa kitoweo cha mara mojamoja wasipokuwa na chumvi, lakini si mlo kamili. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuhara kwa paka asiye na manyoya kunakulazimu kumwosha tena na tena.

Mpe chakula kilichoandikwa kuwa ni mlo kamili wa paka, kwa milo midogo mingi, na mpime uzito kila mwezi. Hamu kubwa ya kula haimkingi na unene, na tumbo la mviringo linalosifiwa kwenye picha mara nyingine ni mafuta tu.

9. "Anaruka, anacheza, anakula. Mzima kabisa, daktari wa nini?"

Kizuri hakikosi ila, na ila ya Sphynx imo kifuani. Ni miongoni mwa aina za paka zinazosumbuliwa sana na ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Ukuta wa moyo unakuwa mnene, nafasi ya damu inapungua, na paka anaendelea kuruka kabatini kama kawaida. Dalili ya kwanza inaweza kuwa bonge la damu linaloziba mshipa wa miguu ya nyuma: paka analia kwa maumivu, miguu imelegea, vidole vimepoa. Au inaweza kuwa kifo cha ghafla.

Daktari akisikiliza kwa kifaa chake asisikie kitu, moyo bado unaweza kuwa mgonjwa. Kipimo cha kuaminika ni ultrasaundi ya moyo, na hurudiwa, kwa sababu paka aliyeonekana salama akiwa na mwaka mmoja anaweza kubadilika akiwa na miaka mitano. Mwaka 2021 watafiti walihusisha ugonjwa huu kwa Sphynx na badiliko katika jeni iitwayo ALMS1, na muuzaji atakuonyesha cheti cha kipimo hicho kwa fahari. Kipokee, kisha ulizia ultrasaundi za wazazi wote wawili. Cheti cha jeni moja hakifuti uwezekano wa ugonjwa.

Nyumbani unaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: mhesabie pumzi akiwa usingizini. Zikipita 30 kwa dakika, na ukirudia ukaona hivyohivyo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na kabla ya kuhasiwa, mwombe daktari amchunguze moyo kwanza, maana dawa ya usingizi huwa mtihani kwa moyo mgonjwa.

Kuhusu umri, uchambuzi wa rekodi za kliniki za mifugo Uingereza uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria wastani wa maisha ya paka kwa jumla kuwa miaka 11.7, na wa Sphynx kuwa miaka 6.7, mdogo kuliko wa aina zote zilizolinganishwa. Sphynx waliomo walikuwa wachache, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kama hukumu ya paka wako. Lakini inatosha kumnyamazisha anayeahidi miaka 15 kwa kila mteja.

10. "Ulaya wanampiga marufuku kwa sababu hawapendi sura yake."

Uholanzi ilikuwa imeshakataza kuwazalisha paka wasio na manyoya. Tangu tarehe 1 Januari 2026 imekataza pia kuanza kuwafuga, pamoja na wale wa masikio yaliyokunjwa. Waliokuwepo na kuwekewa chipu kabla ya tarehe hiyo wanaruhusiwa kumalizia maisha yao kwa wenyewe. Ujerumani, mwaka 2015 mahakama mjini Berlin iliunga mkono amri ya kumhasi dume mmoja asiye na manyoya, na sababu iliyotazamwa sana haikuwa uzuri wala ubaya wake. Ilikuwa sharubu.

Sharubu za paka ni kiungo cha hisia. Mizizi yake imezungukwa na mishipa ya fahamu. Kwa hizo paka hupima upana wa upenyo, hutambua kilicho mbele ya mdomo wake gizani, hukadiria umbali. Sphynx wengi huzaliwa na sharubu fupi zilizokatika, au bila sharubu kabisa. Mtu anaweza kubisha kuhusu sheria hizo, na wafugaji wengi wanabisha. Lakini kusema zimeandikwa kwa chuki ya sura ni kukwepa hoja.

Na hoja hiyo ndiyo inayoonyesha mpaka wa kipimo nilichoanza nacho. Kazi ya manyoya inahamishika: utamwogesha, utampa joto, utamfungia pazia, utamsafisha masikio. Sharubu huwezi kumwoteshea, na moyo aliorithi huwezi kuubadilisha kwa shampuu nzuri. Ndiyo maana lazima tutenganishe maswali mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Aliye na Sphynx tayari nyumbani hana deni la kumtetea mbele ya watu. Deni lake ni ile ratiba ya wiki na ultrasaundi. Asiye naye, anayetaka kitoto kipya, ajue kwamba fedha yake ndiyo inayoagiza kingine kizaliwe. Akiona lazima awe naye, amtafute mkubwa aliyeachwa na mwenyewe, na wapo wengi walioachwa baada ya dai la pili kushindwa. Akikosa, asinunue kwa mtu asiyeweza kuonyesha mioyo ya wazazi. Na kama alichokuwa akikitafuta kwa kweli ni paka asiye na kazi nyingi, wa kienyeji wamejaa mitaani, wamekuja na manyoya yao, sharubu zao, na wanajiogesha wenyewe.